Shuka za Siku Kumi na Mbili

Bibiane aliamini kwamba yeye si mtu wa kushuku watu ovyo, na angekuapia hivyo mchana kweupe. Ila mkesha wa Krismasi alipoingia kwa Bibi Irmgard akamkuta ajuza huyo anazunguka nyumba na kikaango chenye makaa, moshi umetanda mpaka gereji, midomo ikimchezacheza, alisimama mlangoni na begi lake la kazi begani akasahau hata kusalimu. Nje joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Ndani mtu anawasha moto. Wewe ungefikiri nini?

"Ni desturi," Bibi Irmgard alisema bila kugeuka, akaingia chumba cha kulala na moshi wake.

Desturi! Neno hilo Bibiane alikuwa amelisikia mwaka mzima katika nyumba hiyo, tangu ofisi yake ya utunzaji wa wazee ilipompangia kumhudumia bibi na mumewe. Juu ya mlango wa mbele kulikuwa na herufi na tarakimu zilizoandikwa kwa chaki, na ole wake atakayezifuta. Mkate haukukatwa kabla bibi hajauchora msalaba kwa ncha ya kisu. Chumvi ikimwagika, kazi zote zilisimama. Ukiuliza sababu, unajibiwa hilo hilo neno moja, kisha mlango unafungwa usoni pako kwa adabu.

Mumewe, Mzee Aloys, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mwili ulikuwa umemchoka, muda mwingi yuko kitandani, lakini mdomo ulikuwa bado kijana. Bibiane alimpenda kwanza kwa jina, maana hata baba yake kule Burundi aliitwa Aloys. Mapadre wa Kijerumani walilileta, na yeye akalikuta limezeekea hapa Sydney. Mzee na mkewe walikuja kwa meli wakiwa vijana, wakapokelewa katika mabanda ya bati ya wahamiaji pale Villawood, na walipotoka humo walinunua nyumba karibu sana na mabanda yenyewe. Mzee alipenda kusema kwamba alihamia kwa toroli.

Walitoka kijiji kinachoitwa Ellenrod, milimani kule Ujerumani, nyumba zisizozidi arobaini na kanisa moja. Mzee akianza kukieleza huwezi kumzuia. Ellenrod, alisema, mtu hakuitwa kwa jina la ukoo, aliitwa kwa jina la nyumba. Yeye alikuwa Aloys wa Mhunzi, ingawa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kushika nyundo tangu enzi za mababu wa mababu. Kijiji kizima kilikuwa na tanuri moja la mkate, na Jumamosi walipiga kura nani atangulie kuoka, kwa sababu anayetangulia tanuri likiwa baridi ndiye anayemaliza kuni zake. Ukutani kanisani kulikuwa na majina ya vijana ambao vita viliwameza. Na mtu wa kuja, hata akikaa miaka thelathini, akifa waliandika kwamba ni mtu wa kuja.

"Hapo hata kwetu," Bibiane alicheka. "Hilo halina Mzungu wala Mwafrika."

Jambo la ajabu ni kwamba mzee, mzawa halisi wa huko, desturi zenyewe alizichukulia kimzaha. Bibi ndiye aliyezishika kama askari mpya. Hilo Bibiane aliliona mapema, akaliweka moyoni bila kulipatia jibu, na jambo lisilo na jibu likikaa moyoni halikai bure.

Sasa, ili umwelewe Bibiane, lazima ujue kilichompata mama yake. Walipokuwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, mtoto wa jirani aliugua tumbo. Mama yake Bibiane, kwa huruma tu, alichukua nguo za mtoto zilizochafuka ili azifue. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika siku hiyo, akaziweka ndani asubiri kesho. Kabla ya kesho mtoto akafa. Watu wakaingia, wakazikuta nguo chini ya kitanda, na kuanzia hapo hapakuwa tena na mama Bibiane, palikuwa na mchawi. Walichomewa kibanda. Walihamia mtaa mwingine wa kambi, na jina likawafuata, maana jina halihitaji kibali cha kusafiri. Mama alizikwa nalo. Bibiane alitoka hapo na amri moja, aliyoishika kuliko nyingine zote: nguo chafu ya mgonjwa hailali ndani ya nyumba.

Basi siku iliyofuata Krismasi, Mzee Aloys akajichafua kitandani. Ni jambo la kawaida kwa wazee, na Bibiane alimsafisha bila makuu. Alipogeuka kuchukua shuka azipeleke mashineni, hazipo. Bibi Irmgard alikuwa amekwishazitia katika mfuko mweusi wa plastiki, akaufunga fundo, na sasa anaukokota kwenda gereji. Aliusukumia nyuma ya rafu, penye makopo ya rangi.

"Bibi, hizo nazifua mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Hakuna kufua. Mpaka tarehe sita Januari ipite."

"Lakini zina uchafu, na joto hili..."

"Nimesema hakuna kufua," alisema bibi.

Bibiane alipanda treni kurudi kwake Doonside, akizihesabu dalili. Mtu anaficha nguo ya mgonjwa, mgonjwa ambaye ni mumewe, gizani, nyuma ya makopo, na tarehe ameipanga. Na moshi ule wa juzi je? Na herufi za mlangoni? Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa yamejaa mpaka gereji.

Alipofika nyumbani alimweleza binti yake Elvire, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. Elvire hakuinua hata kichwa.

"Mum, it's literally incense. You grew up Catholic."

Eti ubani tu, kama wa kanisani! Watoto wa siku hizi! Bibiane akampigia rafiki yake Honorine, Mkongo wa Butembo, aliyefanya kazi katika ghala moja kule Port Botany na kuongoza maombi ya akina mama kila Ijumaa. Honorine alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Bibiane, unisikilize muzuri," alisema. "Ile nyumba haiko ya kuzoea. Mutu anaficha shuka ya bwana yake mu gereji? Ni dawa ile anafanya. Anamumaliza mzee polepole. Utoke mule mbele hajakumaliza na wewe."

"Na roster ya zamu? Nikiacha shift ofisi watasema nini?"

"Roster itakuzika? Sisi tutaomba."

Wakaomba kweli. Ijumaa jioni Bibiane alisimama mbele ya akina mama wote akasema kwa kinywa chake kwamba anafanya kazi katika nyumba ya mchawi. Alilitamka neno lile, yeye, mtoto wa mama yule. Lilitoka kwa urahisi uliomshangaza, na akina mama waliitikia kwa vilio. Wawili kati yao walikuwa watunza wazee wa ofisi hiyo hiyo. Kabla ya kulala walikuwa wameshaiarifu ofisi kwamba ile nyumba ya karibu na Villawood hawaendi, wana dharura, mmoja kichwa, mwingine mtoto. Asubuhi ofisi ikampigia Bibiane: kila mtu kakataa, hebu okoa jahazi, nenda wewe.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, siku ambayo hakutakiwa kuwa kazini, Bibiane alikuwa jikoni kwa Bibi Irmgard akimsikiliza bibi anakoroma kwenye kiti chake. Alikuwa ameamua. Kama hawezi kumtoa mzee mikononi mwa mkewe, basi angalau ile nguo ataitoa. Alinyata mpaka gereji, akavuta mfuko kutoka nyuma ya makopo, akatia shuka mashineni kwa maji ya moto, zikafuliwa, akazitoa nje na kuzianika kwenye kamba za mwavuli wa chuma wa kuanikia nguo uliokuwa katikati ya uwanja. Upepo wa joto ulizipokea. Zilikuwa nyeupe, kubwa, zimetanda uwanja mzima, naye akasimama chini yake akamshukuru Mungu kwamba amemwokoa mtu.

Maskini, laiti angejua. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Alikuwa amerudi ndani kumpa mzee maji aliposikia lango la pembeni. Kupitia dirishani alimwona Traudl, dada mdogo wa Mzee Aloys, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu ambaye huja kila mwisho wa mwaka na mkate mtamu uliojaa zabibu kavu. Traudl alikuwa amesimama kwenye majani, mkate mkononi, anazitazama shuka kana kwamba ameikuta maiti inaning'inia.

Alipiga kelele moja. Bibi Irmgard akashtuka usingizini, akatoka nje mbio za kizee, akaziona. Wawili hao wakasemezana Kijerumani. Bibiane hakuelewa neno hata moja, lakini lawama haihitaji mkalimani. Bega la kulia la bibi lilikuwa limekufa ganzi zamani, mkono hauvuki kifua. Akanyoosha wa kushoto, akazivuta shuka, vibanio vikaruka, akaanguka nazo chini. Traudl hakumwinua. Alizungusha macho madirishani, moja baada ya jingine, akaondoka na mkate wake.

Bibi Irmgard aliingia jikoni amekumbatia lile furushi jeupe, majani yamemganda magotini. Bibiane alisubiri matusi, akasubiri afukuzwe. Bibi aliweka shuka mezani, akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango. Afadhali angetukana.

Mzee Aloys ndiye aliyelieleza jambo lile, Bibiane alipokuwa akimtandikia shuka zile zile.

"Umeanika nguo katika zile siku kumi na mbili," alisema, akitabasamu. "Toka Krismasi mpaka sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari. Ellenrod hakuna anayefanya hivyo. Usiku wa siku hizo wafu wanapita angani kwa farasi, wakinaswa na kamba yako wanakasirika. Wanaichukua shuka, na mwenye nyumba anapata sanda. Moshi na zile herufi za mlangoni ni kwa ajili yao pia, wapite mbali."

Bibiane aliachia pembe ya shuka. "Kumbe bibi alizificha ili usife?"

"Alizificha ili nisife. Wewe je, kwa nini ulizianika?"

Jibu la Bibiane lilikuwa lile lile. Mzee alimwashiria akae. Kisha akamsimulia jambo ambalo katika hadithi zake zote za Ellenrod hakuwahi kuligusa.

Baridi ya mwaka uliofuata vita, alisema, treni zilileta watu kutoka mashariki, waliofukuzwa makwao, na kila nyumba ililazimishwa kuwapokea. Nyumba ya Mhunzi ilipewa mwanamke mmoja na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Mwanamke alifua nepi za mtoto akazianika uani, siku chache baada ya Krismasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Siku ya Wafalme Watatu baba yake Aloys, aliyekuwa anakohoa tangu arudi vitani, akafa. Mama yake Aloys akamtoa yule mwanamke nje na watoto wake, kwenye theluji, na kijiji kizima kikafunga milango. Kitoto cha kunyonya hakikuvuka mwezi ule.

"Hawakuwa Wajerumani?" Bibiane aliuliza.

"Walikuwa Wajerumani kama sisi. Ila hawakuwa wa Ellenrod."

"Na yule mtoto mwingine?"

"Alikuwa msichana wa miaka kumi," mzee alisema. "Yuko chumba cha nyuma, amejifungia mlango. Nilipomwoa, dada yangu Traudl hakuja harusini, ndipo tukapanda meli. Lakini Irmgard aliibeba Ellenrod yote kichwani. Anaogopa kukosea tena. Traudl, aliyetufuata huku baadaye, alikuwa na miaka sita wakati ule, akampoteza baba. Mtoto wa miaka sita akishaambiwa nani kamwua baba yake, huwezi tena kumwambia vingine." Akapapasa shuka. "Hizi zinanukia jua. Asante."

Jumatatu alfajiri Mzee Aloys alifariki usingizini, juu ya shuka hizo hizo. Daktari alisema moyo. Kwa umri ule, ungetaka aseme nini kingine?

Bibiane alilia, kisha woga ukamkausha machozi. Ofisi ilimpigia kumweleza kwamba dada wa marehemu amewauliza jina la mfanyakazi wa Jumamosi, na anasema kuna jambo baya lilifanywa ndani ya nyumba. Wao wamemjibu asubiri, watamsikiliza kwanza Bibi Irmgard mwenyewe baada ya maziko. Basi jina la Bibiane likawa mdomoni mwa mtu mmoja tu, Bibi Irmgard.

Honorine hakumpa faraja. "Sasa ile kesi watakuvalisha," alisema. "Mzungu ataanza kusema ni mu-Africa aliua mzee na uchawi. Mungu wangu! Na kazi utaipata wapi tena?"

Bibiane alikadiria atakachosema bibi kwa kujipima yeye mwenyewe. Aliyewahi kutwishwa mzigo ule anajua jinsi unavyouma, na anajua pia jinsi ya kuutua: unauweka kichwani kwa mwingine. Yeye mwenyewe si ndivyo alivyofanya Ijumaa, mbele ya akina mama wote, wakaitikia? Na Bibi Irmgard ana sababu kuliko yeye. Amefiwa. Alikataza kwa kinywa chake, mara mbili, na mtumishi akapita nyuma yake akaanika. Hata kwa haki tu, angemtaja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bibiane alikuwa ameumwa utotoni; usiku aliota nyumba yao ya Doonside inafuka moshi.

Bibi Irmgard alimtumia ujumbe aje kusaidia chai baada ya maziko. Bibiane akasoma ujumbe ule mara nyingi akitafuta mtego ndani yake. Akaenda, kwa sababu asiyeenda ndiye huonekana ana hatia.

Nyumba ilikuwa na wazee wachache, wote waliokuja kwa meli, wamevaa nguo nyeusi katika joto. Traudl alikaa upande wa pili wa meza, uso kwa uso na mjane. Alisubiri mpaka Bibiane ameingia na birika, ndipo akaanza, na akaongea Kiingereza, si Kijerumani, ili kila mtu aliyepaswa kusikia asikie.

"Jumamosi shuka zilikuwa kwenye kamba," alisema. "Wote hapa mnajua maana yake. Kaka yangu leo yuko kaburini. Nataka kusikia nani alizianika."

Bibiane alishikilia birika kwa mikono miwili. Hakumtazama bibi, alitazama kitambaa cha meza, akajisemea kimoyomoyo, haya, sema sasa, limalizike.

"Mimi," alisema Bibi Irmgard.

Traudl alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe? Kwa mkono upi?"

"Mimi nilizianika."

"Wewe ambaye chumvi tu ikimwagika unajifungia? Irmgard, unajua unachokisema? Unajua watu watakachosema juu yako?"

"Najua. Walikisema juu ya mama yangu." Bibi alikuwa amekaa wima, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa anaziamini zile siku kumi na mbili, wote waliokuwa pale walijua anaziamini. Kwa hiyo alikuwa anakiri, mbele ya watu wake, kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wake wa miaka zaidi ya sitini. "Ofisi wakiniuliza nitawaambia hivyo hivyo. Sasa kunywa chai yako."

Bibiane alikuwa amepona. Siku zote zile aliomba jambo hilo moja, jina lipite kwake liangukie pengine, na sasa lilikuwa limeanguka, tena kwa ajuza asiyeweza kuinua mkono. Alitakiwa kumimina chai tu. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo alimwona mama yake mlangoni pa kibanda, watu wamejaa, na katika watu wale wote hakuna aliyefungua mdomo.

Akaweka birika chini.

"Anasema uongo," alisema. "Shuka nilizianika mimi. Mimi, Bibiane. Yeye alinikataza."

"Nyamaza wewe!" Bibi Irmgard alimgeukia kwa ukali. "Nani kakuuliza?"

"Nilianika mimi. Kwa sababu nilikudhania wewe mchawi, bibi. Na nimewaambia watu hivyo."

Bibi alimkazia macho. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyesikia habari za nyumbani. Akamvutia Bibiane kiti kwa mkono wake mzima, akakipigapiga, akae.

Traudl aliwatazama, huyu kisha yule, kisha huyu tena, mdomo wazi. Baba yake alipokufa palikuwa na mmoja wa kutolewa nje, na kijiji kizima kilijua la kufanya. Lakini wawili wanaogombania hatia, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake, kwa hilo Ellenrod haikuwa imemwachia desturi.